Majani ya mwaloni kwenye udongo wa mfinyanzi: yatandaze juu, usiyafukie

Swali: Nina bustani ya mboga ya mita 4 kwa 6. Udongo wake ni mfinyanzi mtupu; ukilowa unang'ang'ania viatu, ukikauka unapasuka mpaka kidole kinaingia kwenye ufa. Kando yake kuna mialoni miwili mikubwa na mtofaa mmoja, na mwaka huu nimekusanya mifuko 30 ya majani yaliyopukutika, kila mfuko wa lita 100. Jirani mmoja ananionya kwamba majani ya mwaloni yatautia udongo asidi. Mwingine ananihimiza niyafukie yote kabla ya baridi kali, yawe mbolea ya karoti, kabichi na maharage nitakayopanda majira ya kuchipua. Mashine ya kukatia nyasi ninayo. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, maana najua reki unayo mkononi na baridi haingoji. Yapitishe majani kwenye mashine ya nyasi, kisha yatandaze juu ya udongo. Usiyafukie. Ya mtofaa yatenge. Sehemu iliyobaki ifungie kwenye mifuko ioze taratibu. Na chakula cha mboga zako za majira ya kuchipua usikitafute kwenye majani haya, kitafute kwingine. Jirani wa kwanza kakosea. Wa pili anataka kukusaidia, na nusu ya maneno yake ni kweli, ila ukimfuata mpaka mwisho kabichi zako zitakulipa kwa rangi ya njano.

Sasa tulitazame jani lenyewe. Kabla mti haujaliachia, huwa umeshalinyonya. Ile rangi ya kijani tunayoiona ikififia na kupisha njano na wekundu ni mti unaivunjavunja klorofili pamoja na protini za jani na kuirudisha nitrojeni ndani ya matawi, shina na mizizi, iwe akiba ya machipukizi yajayo. Takriban nusu ya nitrojeni na fosforasi ya jani huondoka hivyo kabla jani halijagusa ardhi. Kinachoanguka kina kalsiamu ya kutosha, magnesiamu kiasi, na kaboni tele: selulosi, tanini, na lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Kwa hiyo mfuko wa majani makavu ukiupima kama mbolea utakuvunja moyo. Upime kama chakula cha viumbe wa udongoni. Hicho ndicho udongo wako umekosa, na ndiyo maana unanata na kupasuka.

Bakteria na kuvu wanaoozesha majani wanahitaji kaboni na nitrojeni kwa pamoja, takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Majani makavu ya miti mingi yana kaboni kati ya 40 na 80 kwa kila 1 ya nitrojeni, na hayo ya mwaloni hayako upande wa chini. Ukiyachanganya na udongo, viumbe hawa hukuta kaboni imejaa na nitrojeni imepungua, basi huichota ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongoni, ile ile ambayo mche wako ulikuwa uinywe. Haipotei. Imefungiwa ndani ya miili yao, na wakifa hurudi udongoni. Lakini marejesho hayo huchukua miezi, na mche wa kabichi wa wiki tatu hauwezi kusubiri miezi.

Hili nililijua kwa kupoteza tuta zima. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilifukia majani mazima ya mwaloni kwenye mfinyanzi, kina cha sepetu, wiki chache kabla ya kupanda. Miche ya kabichi ilishika vizuri, ikatoa majani manne, halafu ikasimama. Njano ikaanzia majani ya chini na kupanda juu. Nilipochimba nikayakuta majani yamelala moja juu ya jingine kama kurasa za kitabu kilicholowa, meusi, yanateleza, mishipa yake bado inahesabika, na yananuka mayai viza. Mizizi ya kabichi ilikuwa imeshuka hadi hapo, ikapinda, ikatambaa pembeni kutafuta njia nyingine. Njano ilinionyesha kwamba nitrojeni imeshikwa. Harufu ilinionyesha jambo kubwa zaidi: kule chini hapakuwa na hewa. Mfinyanzi uliolowa hauna nafasi za kupitisha hewa, na tabaka la majani mazima linaziba hata zile chache zilizokuwepo. Hapo hufanya kazi bakteria wasiohitaji oksijeni, nao ndio watengenezaji wa harufu ile. Mizizi ya mboga haiishi mahali pa namna hiyo.

Juu ya ardhi mambo ni tofauti kabisa. Jani lililolala juu hugusana na udongo kwa utando mwembamba tu, hivyo nitrojeni inayochotwa ni ya utando huo, na mizizi iliyo chini yake haiguswi. Hewa ipo. Unyevu upo. Na yupo nyungunyungu, ambaye kazi ya kufukia anaijua kuliko mimi na wewe.

Charles Darwin alichapisha mwaka 1881 matokeo ya uchunguzi wake wa miaka mingi juu ya nyungunyungu. Katika jaribio mojawapo alichomoa majani 227 yaliyonyauka kutoka kwenye mashimo yao, akaangalia kila moja liliingizwa vipi. 181 yalikuwa yamevutwa kwa ncha au karibu na ncha, yaani kwa upande unaopita shimoni bila kukwama. Haya unaweza kuyaona bustanini kwako. Toka nje usiku wenye unyevu usio na baridi kali, tochi umeifunika kwa karatasi nyekundu kwa sababu mwanga mwekundu hauwashtui sana, na ukanyage polepole maana mtikisiko wanausikia. Chuchumaa kando ya tuta lenye majani. Baada ya muda utaona jani limesimama wima kama bendera ndogo, linatikisika, linazama upana wa kidole, linatulia, linazama tena. Asubuhi utakuta kikonyo tu kinachungulia, kimezungukwa na vijirundo vya kinyesi cheusi.

Wale nyungunyungu wakubwa wanaovuta majani namna hii huchimba mashimo ya wima yanayoweza kushuka mita moja na zaidi. Kwenye udongo wa kichanga mashimo hayo hayaleti tofauti kubwa. Kwenye mfinyanzi ndiyo uokoaji wenyewe, kwa sababu ndiyo njia ya maji kushuka na ya hewa kuingia, na baadaye mizizi huyafuata kama barabara iliyokwisha kulimwa. Hakuna uma wa bustani unaofika huko. Na ukilima kwa sepetu ili ufukie majani, unayakata mashimo hayo hayo. Ndiyo maana ninakusihi uache sepetu stoo msimu huu.

Kuhusu mfinyanzi wenyewe, acha nikueleze kwa nini majani yanaufaa. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya milimita 0.002, tena zina umbo bapa kama sahani. Zikilowa zinateleza na kushikana, zikikauka zinabanana na kuvuta, ndipo nyufa zinapotokea. Huwezi kuzikuza chembe hizo. Unachoweza ni kuzifanya zikusanyike katika punje, kama makombo ya mkate, zenye nafasi kati ya punje na punje. Gundi ya kuzikusanya haiuzwi. Inatengenezwa na bakteria kwa ute wao, na kuvu kwa nyuzi zao zinazofunga chembe kama uzi unavyofunga shanga, na nyungunyungu anapolisaga jani na udongo pamoja tumboni mwake. Wote hao wanaishi kwa kula kaboni. Ukiacha kuwalisha, gundi nayo huliwa, punje huvunjika, na mfinyanzi hurudia hali yake. Kwa hiyo unapotandaza majani ujue umeanza kazi ya kila mwaka. Tofauti ya kwanza utaiona baada ya msimu mmoja, katika sentimita chache za juu. Tofauti ya kuifurahia kweli huja mwaka wa tatu hivi.

Majira ya baridi yana msaada wake katika haya yote. Watu hudhani udongo unalala. Bakteria hupunguza mwendo sana joto likishuka chini ya nyuzi 5, ndiyo, lakini kuvu wengi huendelea, na chini ya blanketi la majani joto la udongo hushuka polepole kuliko kwenye udongo ulio wazi, hivyo nyungunyungu hupata wiki za ziada kabla ya kukimbilia chini. Barafu nayo inasaga. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiganda ndani ya jani lililolowa hupasua kuta za seli zake. Ganda, yeyuka, ganda, yeyuka; jani lililokuwa kama ngozi linakuwa laini kama karatasi iliyokaa mvukeni. Na wakati huo huo majani yanaukinga udongo na mvua. Tone la mvua likipiga mfinyanzi ulio wazi huvunja punje na kuacha utando mgumu juu, na maji yasipoingia huondoka na udongo wako. Likipiga jani, nguvu zake zinaishia hapo.

Nije kwa jirani wa asidi. Hajalitoa jambo hili hewani. Jani la mwaloni lililoanguka jana lina asidi kweli, na tanini zake ndizo zinazochelewesha kuoza. Kosa ni kudhani kwamba linabaki hivyo. Kadiri linavyooza, asidi zile za mwanzo huliwa, kalsiamu iliyomo hubaki, na mboji ya majani iliyoiva huwa karibu na hali ya kati, mara nyingi pH 6 hadi 7 (pH ni kipimo cha asidi; 7 ndiyo katikati, na chini yake ni asidi). Zaidi ya hapo, mfinyanzi ni mgumu kuubadilisha pH kuliko kichanga, kwa sababu hushikilia kalsiamu na madini mengine mengi yanayozuia mabadiliko. Sentimita chache za majani kwa mwaka haziwezi kuushinda. Hata sindano za msonobari, zinazosemwa vibaya kuliko majani yote, hazishushi pH ya bustani kama watu wanavyoamini. Basi usimwage chokaa ya kupunguza asidi kwa kukisia. Ukiwa na wasiwasi, pima udongo kwanza. Chokaa iliyozidi ni shida halisi, na kuiondoa ni kazi ndefu.

Tuingie kwenye mifuko yako. Bustani ni mita za mraba 24. Mifuko 30 ni lita 3,000, lakini hizo ni lita za majani yaliyovimba, nusu yake ni hewa. Tuseme ya mtofaa ni mifuko 3. Inabaki 27 ya mwaloni. Chukua 20, imwage kwenye nyasi siku ya jua majani yakiwa makavu, pitisha mashine mara moja au mbili, na lita 2,000 zitashuka hadi 1,000 au pungufu. Lita 1,000 juu ya mita za mraba 24 ni kama sentimita 4. Ni tabaka zuri kwa mfinyanzi: linafunika bila kubana. Likitoka 3 si neno. Kama mashine yako ina mfuko wa kukusanyia, tena ikakata na nyasi kidogo humo humo, bora zaidi, kwa sababu nyasi mbichi zina nitrojeni ambayo majani hayana.

Kukata huku wengi hukiruka kwa uvivu wa siku moja na kujuta miezi mitano. Majani mazima ya mwaloni yanapeperuka yakiwa makavu, na yakilowa yanagandamana kuwa kama turubai: maji hayapiti, hewa haipiti, na chini yake udongo hubaki umelowa na baridi. Vipande havifanyi hivyo. Kila ukingo uliokatwa ni mlango wa kuvu kuingilia, na jani lililokatwa huoza kwa muda mfupi zaidi. Kama una majani ambayo huwezi kuyakata, yatandaze membamba, kisha weka juu yake matawi machache au wavu yasiende na upepo.

Kabla ya kutandaza, ng'oa magugu yenye mizizi ya kudumu, maana blanketi hili litayatunza hayo vilevile. Ukiwa na mboji ya jikoni au samadi iliyooza, mwaga tabaka jembamba juu ya udongo halafu majani juu yake. Nyungunyungu huja haraka zaidi na nitrojeni inakuwa karibu na kaboni. Udongo uwe umelowa. Ukitandaza juu ya mfinyanzi mkavu, majani yatauzuia kulowa. Mimea iliyobaki shambani kwa baridi, kama vitunguu saumu ulivyokwisha panda, itatoboa yenyewe tabaka la sentimita 4. Mimea ya kudumu yenye shina iachie nafasi ya upana wa kiganja kulizunguka shina, kwa sababu unyevu unaoegemea gome huliozesha, na panya hupenda kujificha hapo wakitafuna.

Mifuko 7 iliyobaki ni ya mboji ya majani, na kwa maoni yangu hii ndiyo mali kubwa uliyonayo mwaka huu, ingawa utaila mwakani na mwaka wa baadaye. Hakuna kazi rahisi kuliko hii. Loanisha majani mpaka yawe kama sponji iliyokamuliwa, yashindilie kwenye mfuko imara wa plastiki, toboa matundu kama kumi kwa uma, funga mdomo bila kukaza, weka kivulini nyuma ya banda. Kama una nafasi, fanya kizimba cha wavu wa waya cha mita 1 kila upande, ujaze, uache wazi juu mvua iingie. Adui wa kazi hii ni ukavu. Ninapoambiwa "majani yangu ya mwaka juzi hayakuoza", nikienda kuangalia mara nyingi nakuta mfuko mkavu kama stoo ya ngano, majani yanalia yakiguswa. Fungua mfuko kila baada ya miezi mitatu, mwagia maji, funga.

Hii si sawa na mboji ya lundo la moto. Lundo la moto linaendeshwa na bakteria, linataka mchanganyiko wa sehemu 2 au 3 za majani kwa 1 ya vitu vibichi, linapanda nyuzi 55 hadi 65, na linageuzwa. Mboji ya majani ni kazi ya kuvu, baridi na ya polepole, kwa sababu kuvu ndio wenye uwezo hasa wa kuivunja lignini. Baada ya mwaka mmoja utapata kitu cha kahawia, vipande bado vinaonekana, kizuri kwa kutandaza. Baada ya miaka miwili, kwa mwaloni, ukikishika kinasambaratika mkononi, ni cheusi, chepesi, na kinanuka kama msitu baada ya mvua. Lita 700 ulizoanza nazo zitakuwa zimepungua hadi sehemu ndogo tu. Chakula cha mimea ndani yake ni kidogo, lakini hushika maji mara kadhaa ya uzito wake mkavu. Ukiichanganya na mfinyanzi haichoti nitrojeni tena kama jani bichi, maana sehemu ile ya kuliwa upesi imeshaliwa. Hiyo sasa waweza kuifukia, na jirani yako wa pili atafurahi.

Majani ya mtofaa yanataka uangalifu. Kuvu anayeleta madoa meusi yenye magamba kwenye matofaa, Venturia inaequalis, hukaa majira ya baridi ndani ya majani yaliyoanguka, na mvua za majira ya kuchipua zikianza hurusha mbegu zake hewani kuelekea majani machanga. Ukiyatandaza bustanini karibu na mti ule ule, unamtunzia makazi. Yakusanye yote chini ya mtofaa. Kama una lundo linalopata moto kweli, yatie katikati yake. Kama huna, yafunge kwenye mfuko wake peke yake, uweke mbali na mti, na usiufungue mpaka yaoze kabisa. Majani ya mwaridi yenye madoa meusi yana kesi hiyo hiyo.

Kwa kuwa wengine watasoma jibu hili wakiwa na miti mingine: mierebi na miti mingi ya matunda ina majani mepesi yanayoisha ndani ya msimu mmoja. Majani magumu yanayong'aa ya miti isiyopukutika, na sindano za msonobari, yatengewe mfuko wake na kupewa miaka miwili hadi mitatu. Majani ya mjozi mweusi yana jugloni, dutu inayodhuru nyanya na jamaa zake; yaozeshe kwanza lundoni, ambako jugloni huvunjika, usiyatandaze mabichi kwenye tuta la nyanya. Mkaratusi una mafuta yanayozuia mbegu kuota, nao vilevile uozeshwe kwanza. Na majani ya kando ya barabara yenye magari mengi yaache: hujui yamebeba mafuta gani na takataka gani.

Usiende kuongezea mifuko yako msituni, hata ukiona majani yamejaa bila mwenyewe. Kwa karne nyingi wakulima wa Ulaya ya Kati walichota majani ya misituni kwa reki wakayatumia kama malalo ya mifugo, na misitu ikadhoofika, udongo ukaongezeka asidi, miti ikadumaa. Mwaka 1876 mtaalamu Mjerumani Ernst Ebermayer alichapisha kazi kubwa juu ya majani hayo ya sakafu ya msitu na kazi yake katika kuulisha udongo. Ukitaka kujua majani yana thamani gani, angalia udongo ulionyang'anywa. Hata kwako, ningekuomba uache majani mazima kiasi yalale kwenye kona chini ya ua, bila kuyagusa hadi joto lirudi. Vipepeo, mbawakawa na malkia wa nyuki bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya, hujificha humo wakati wa baridi, na wengi wao utawahitaji mboga zikianza kutoa maua.

Majira ya kuchipua yatakapokaribia, majani yaliyokuwa msaada yanaweza kuwa kizuizi, hasa kwenye mfinyanzi, kwa sababu yanaufanya udongo uchelewe kupata joto na kukauka. Wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, chukua reki uyasogeze pembeni, kwenye njia kati ya matuta, jua lipige udongo. Hapo piga magoti uangalie. Yaliyobaki yatakuwa membamba, mengine ni nyavu za mishipa tu. Chini yake utaona matundu ya upana wa penseli. Chukua bonge la udongo, ulibonyeze kwa kidole gumba: likivunjika punjepunje, tayari, likinyooka kama utepe unaong'aa, subiri siku kadhaa zaidi, na usikanyage tuta wakati huo, maana nyayo zako zinaweza kufunga kwa dakika moja kile ambacho nyungunyungu amekifungua kwa miezi. Angalia na koa wakati huo huo. Wamelala chini ya majani pamoja na mayai yao meupe kama lulu ndogo. Yaache wazi asubuhi, ndege watashughulika.

Kabichi ndiyo yenye njaa, ipe samadi iliyooza au mboji ya jikoni unapopanda, kisha rudisha majani kuizunguka hali ya hewa ikishapata joto. Maharage hayakusumbui sana. Yakishajenga vinundu mizizini yanajitengenezea nitrojeni kwa msaada wa bakteria, kwa hiyo yapande pale ambapo majani yalikuwa mazito zaidi.

Karoti ni kesi ya peke yake. Mwaka huu zipande kwenye ukanda uliosafishwa kabisa, kwenye mfereji usiozidi sentimita 1, na usizifunike kwa mfinyanzi wako, maana mvua moja ikifuatwa na jua huufanya ukoko ambao mche wa karoti hauwezi kuuinua; zifunike kwa kichanga au mboji laini. Mifuko yako 7 iandike tarehe leo kwa kalamu isiyofutika. Utakapoufungua wa kwanza baada ya miaka miwili, chekecha kwenye wavu wenye matundu madogo, na ile unga nyeusi itakayopita ndiyo ya kufunikia mstari wa karoti.